Kabla ya Kumwaga Zege: Namna ya Kuupima Mji Uliofurika kwa Modeli ya Kompyuta

Chukua bomba moja la maji. Kila anayefika huchota kwa wastani wa dakika moja, kisha huondoka. Watu wanakuja bila mpangilio: mwenye ndoo moja, mwenye madumu matatu, aliyekuja peke yake, waliokuja kundi. Kwa saa moja wakija watu 48, kila mmoja atasubiri kwa wastani dakika 4 kabla ya zamu yake. Wakija 54, atasubiri dakika 9. Wakija 57, yaani watatu tu zaidi, atasubiri dakika 19.

Hebu zisome tena hizo namba. Watu watatu wameongeza kusubiri zaidi ya maradufu. Ukipita pale hutaona tofauti kati ya bomba linalotumika kwa asilimia 90 (watu 54 kati ya 60 linaoweza kuwahudumia kwa saa) na linalotumika kwa asilimia 95 (watu 57). Utasema tu pana foleni. Ndivyo mji uliofurika unavyowachezea wanaoupanga. Jana ulikuwa unabeba, leo umekwama, na katikati hakuna jambo kubwa lililotokea. Njia panda, kituo cha afya, lifti ya ghorofa refu, kituo cha basi saa ya jioni, vyote vina tabia hiyohiyo, na akili ya binadamu haikuumbwa kuikisia.

Modeli ya kuiga huja hapo. Unajenga mji wa mfano ndani ya kompyuta, unausukuma mpaka ukwame, unaangalia umekwamia wapi, kisha unajaribu dawa moja baada ya nyingine. Haikwambii kesho itakuwaje. Inakusaidia kulinganisha maamuzi mawili au matatu kabla fedha haijatoka. Mwongozo huu ni wa ofisa wa mipango miji, mwanafunzi, au kiongozi wa mtaa mwenye kompyuta ya kawaida na hamu ya kujua.

Hatua ya 1: Swali liingie kwenye sentensi moja

"Tunataka kuboresha usafiri" si swali. "Tukitenga njia ya mabasi kwenye barabara hii kuu, mtu anayeishi pembezoni atafika kazini mapema kwa dakika ngapi, na mwenye gari atachelewa ngapi?" Hilo ni swali. Lina kitendo, lina mahali, lina mtu, na lina kipimo.

Usilidharau jambo hili. Katika miaka ya 1960 miji kadhaa ya Marekani ilijaribu kutengeneza modeli moja ya kujibu kila kitu: ardhi, nyumba, ajira, barabara, kodi. Mwaka 1973 mtaalamu wa mipango Douglass Lee aliziandikia modeli hizo kubwa makala iliyokuwa kama tanzia, akizihesabia dhambi saba. Kati ya hizo zilikuwamo tamaa ya kueleza kila kitu kwa pamoja na njaa ya data isiyoshibishika. Nusu karne imepita, kompyuta zina nguvu maelfu ya mara zaidi, na dhambi hizo mbili bado zinatendwa kila siku.

Kipimo changu ni rahisi: kama huwezi kusema ni jibu gani litakalokufanya ubadili mpango, bado huna swali.

Hatua ya 2: Chagua aina ya modeli

Anza na hesabu ya karatasi. Maswali mengi ya msongamano hayahitaji zaidi ya jedwali la Excel. Hesabu ya bomba hapo juu ni mstari mmoja: gawanya kiwango cha matumizi kwa sehemu iliyobaki wazi (0.95 kwa 0.05 ni 19), kisha zidisha kwa muda wa kumhudumia mtu mmoja. Kwa barabara ipo fomula ya mwaka 1964 ya idara ya barabara ya serikali ya Marekani, ambayo bado inatumika duniani kote: magari yakifikia uwezo wa barabara, safari hurefuka kwa asilimia 15, yakifikia mara moja na nusu ya uwezo huo, hurefuka kwa asilimia 76, yakifika mara mbili, muda wa safari unakuwa zaidi ya mara tatu ya ule wa barabara tupu.

Jedwali likishindwa, ndipo uende kwenye programu. Kwa magari yanayokwenda moja moja na taa za barabarani kuna SUMO, iliyotengenezwa na kituo cha anga cha Ujerumani na ikatolewa bure mwaka 2001. Kwa siku nzima ya maelfu ya wakazi, kila mmoja na ratiba yake ya kutoka, kurudi na kupitia sokoni, kuna MATSim. Kwa mtaro na mafuriko kuna SWMM ya shirika la mazingira la Marekani, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1971. Kujua mji utatambaa kuelekea wapi, tumia modeli za miraba: ramani inakatwa vipande vidogo, na kila kipande hugeuka kuwa makazi kutegemea majirani zake, mteremko na barabara iliyo karibu. Na kama unataka kujifunza mantiki yenyewe, NetLogo ni shule nzuri. Mtu asiyewahi kuandika programu anaweza kupata kitu kinachotembea kwenye skrini ndani ya alasiri moja.

Kuna pia modeli za akiba na mitiririko, ambazo huutazama mji mzima kama matangi yanayojaa na kuvuja. Jay Forrester wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alizifanya maarufu kwenye mambo ya miji mwaka 1969. Modeli yake ilitoa hitimisho lililowakera wengi: kwamba kujenga nyumba za bei nafuu kungeudhoofisha mji zaidi. Wakosoaji walipoifungua, waliona kwamba mji ule ulikuwa peke yake. Nje ya mpaka wake hapakuwa na vitongoji. Watu wakiondoka walipotelea hewani, na waliokuja walitoka hewani. Mpaka wa modeli ni uamuzi, si mstari tu wa kwenye ramani. Uchore mbali kidogo kuliko eneo unalolipanga, kwa sababu shida unayoifukuza kwenye mtaa mmoja ina tabia ya kuhamia mtaa wa pili.

Hatua ya 3: Kusanya data, ukianza na watu wasioonekana

Barabara utazipata kwenye OpenStreetMap, ramani huru iliyoanza mwaka 2004. Ukuaji wa mji kwa miaka utauona kwenye picha za setilaiti za Landsat, zinazopigwa tangu 1972 na zinazotolewa bure tangu 2008. Hizo ni rahisi.

Kazi ngumu ni watu. Miji iliyofurika ndiyo ile ambayo takwimu zake rasmi zina matundu: vyumba vya uani visivyosajiliwa, wapangaji wa muda, makazi yasiyopimwa. Ukiingiza sensa peke yake, modeli itakuonyesha mji mtulivu ambao haupo. Njia inayofaa ni kuhesabu mapaa kwenye picha ya setilaiti, kisha kwenda mtaani kubisha hodi kwenye nyumba chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, uulize vyumba vingapi na watu wangapi. Shirika la makazi la Umoja wa Mataifa huhesabu makazi kuwa yamesongamana pale ambapo zaidi ya watu watatu wanatumia chumba kimoja. Kipimo hicho kina faida kubwa: kinatenganisha mtaa wenye watu wengi na mtaa uliobanana. Mtaa wa maghorofa unaweza kuwa na watu wengi kwa hekta na bado kila mtu akawa na nafasi. Mtaa wa vibanda unaweza kuwa na wachache zaidi na wote wakabanana. Modeli isiyojua tofauti hiyo itakushauri kuwatawanya watu, na mji utameza mashamba bila kumpunguzia mtu yeyote shida.

Usafiri usio rasmi nao usiuruke. Njia za matatu, yaani mabasi madogo ya abiria ya Nairobi, hazikuwa na ramani kamili mpaka watafiti na wanafunzi walipopanda magari hayo wakiwa na simu za kurekodi kila kituo. Ramani ilitolewa mwaka 2014. Njia hiyo hiyo inawezekana popote penye mabasi madogo yasiyo na ratiba.

Kwa makutano, hesabu magari na waenda kwa miguu kwa vipande vya dakika 15, siku mbili au tatu za kazi na moja ya mwisho wa wiki. Andika hali ya hewa pembeni. Utashangaa utakavyoihitaji baadaye.

Hatua ya 4: Jenga mji kama ulivyo leo

Usiguse mpango wowote kabla modeli haijaweza kuiga hali iliyopo. Mambo matatu huwaangusha wanaoanza.

La kwanza ni kuanza na mji mtupu. Unapobonyeza kitufe, barabara hazina gari hata moja, na dakika za mwanzo zitaonekana kama alfajiri ya sikukuu. Ziache zipite, zitupe, anza kupima foleni zikishatengemaa.

La pili ni kuendesha mara moja tu. Modeli hutumia namba za bahati nasibu, kwa hiyo kila mzunguko ni siku moja kati ya siku nyingi zinazowezekana. Endesha mara 20 au 30, kila mara ubadili namba ambayo kompyuta huanzia kuzalisha bahati nasibu hiyo, kisha uangalie wastani na pia ile siku mbaya kuliko zote. Wakazi hawaikumbuki siku ya wastani.

La tatu ni makosa ya ramani. Niliwahi kukaa siku mbili nikitafuta kwa nini magari yote ya modeli yangu yanazunguka mbali kuukwepa mtaa mmoja. Nikabadilisha fomula, nikabadilisha mwendo kasi, hola. Kumbe barabara mbili zilizoonekana zimegusana kwenye ramani zilikuwa zimeachana kwa mita moja. Tangu siku hiyo huwa natazama magari yakitembea kwenye skrini kabla sijasoma jedwali lolote.

Hatua ya 5: Ipime modeli kwa yale ambayo haijawahi kuyaona

Gawa data yako mafungu mawili. La kwanza litumie kuirekebisha modeli mpaka ifanane na hali halisi. La pili lifungie kabatini. Modeli ikishakaa sawa, toa lile la pili na uone kama inalikaribia. Anayetumia data ileile kwa kazi zote mbili anafanana na mwalimu aliyewapa wanafunzi majibu kisha akafurahia ufaulu.

Kwa magari, wahandisi wana kipimo kinachoitwa GEH. Tofauti kati ya hesabu ya modeli na ya barabarani izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa mbili, gawanya kwa jumla ya hesabu hizo mbili, kisha tafuta kipeuo cha pili. Tuseme modeli inasema magari 950 kwa saa, nawe ulihesabu 800. Tofauti ni 150. Ikizidishwa kwa yenyewe ni 22,500. Mara mbili ni 45,000. Gawanya kwa 1,750 unapata 25.7, kipeuo chake ni takriban 5.07. Kinachokubalika kwa kawaida ni chini ya 5, angalau kwa asilimia 85 ya sehemu ulizozipima. Kwa hiyo barabara hiyo imeanguka mtihani, japo kidogo.

Unajiuliza kama juhudi hizi zina faida? Eneo la ghuba ya San Francisco lilipokuwa linajenga treni yake ya BART, iliyofunguliwa mwaka 1972, makadirio rasmi yalisema asilimia 15 ya wafanyakazi wangeipanda kwenda kazini. Mwanauchumi Daniel McFadden na wenzake waliwauliza watu, kabla treni haijaanza, wanavyosafiri na kwa nini, wakatengeneza modeli ya jinsi mtu mmoja anavyopima muda, nauli na umbali wa kutembea. Wao walitabiri asilimia 6.3. Iliyotokea ni 6.2. Mwaka 2000 McFadden alipata tuzo ya Nobel ya uchumi kwa nadharia iliyokuwa nyuma ya hesabu za aina hiyo. Hakuyashinda makadirio rasmi kwa ukubwa wa kompyuta. Aliingiza ndani ya modeli sababu za watu kuchagua.

Hatua ya 6: Sasa jaribu mipango

Weka mipango michache, na mmoja wapo uwe "tusifanye lolote". Bila huo hutajua faida imetoka kwenye mradi au ingekuja yenyewe.

Hapa ndipo modeli inapolipa gharama yake, kwa sababu mji uliojaa una majibu ya kinyume. Mfano maarufu ni kitendawili cha mwanahisabati Mjerumani Dietrich Braess, cha mwaka 1968, ambacho siku hizi huelezwa kwa namba rahisi kama hizi. Magari 4,000 yanatoka mwanzo kwenda mwisho. Njia ziko mbili, na kila moja ina kipande chembamba na kipande kipana: moja inaanza na chembamba, nyingine inaanza na kipana. Kipande kipana huchukua dakika 45 daima. Kipande chembamba huchukua dakika sawa na idadi ya magari gawanya kwa 100. Magari yanajigawa nusu kwa nusu: 2,000 kwenye kila kipande chembamba ni dakika 20, jumlisha 45, safari ni dakika 65.

Sasa mkubwa mmoja anajenga kiunganishi kifupi sana katikati, kinachomruhusu dereva kupita vipande vyembamba vyote viwili na kuviacha vipana. Kila dereva anaona ni nafuu, kwa kuwa hata magari yote yakiingia kwenye kipande chembamba ni dakika 40, bado chini ya 45. Wote wanahamia huko. Safari mpya: 40 na 40, dakika 80. Barabara imeongezwa, kila mtu amechelewa dakika 15 zaidi, na hakuna anayefaidika kwa kurudi njia ya zamani peke yake, kwa sababu huko atatumia 85.

Ukiwa na Excel unaweza kulithibitisha hilo kabla chai haijapoa. Ukilisema kwa mdomo tu kwenye kikao, watakucheka.

Modeli yako lazima pia iruhusu watu kubadili tabia. Barabara ikipanuliwa, waliokuwa wanapanda basi hununua gari, na waliokuwa wanaishi karibu huhamia mbali. Uchunguzi wa Gilles Duranton na Matthew Turner uliochapishwa mwaka 2011 uliona kwamba katika miji ya Marekani, kilomita zinazoendeshwa huongezeka karibu sawasawa na urefu wa barabara kuu zinazoongezwa. Modeli inayoshikilia idadi ya safari palepale daima itaisifu barabara mpya. Kinyume chake pia hutokea: Seoul ilianza kuibomoa barabara ya juu ya Cheonggyecheon mwaka 2003, ikarudisha kijito kilichokuwa kimefukiwa na kukifungua mwaka 2005, huku ikipanga upya mabasi yake. Mji haukusimama.

Usisahau maji. Chukua eneo la hekta 10 na mvua ya milimita 50 kwa saa. Likiwa na udongo na nyasi, tuseme asilimia 30 ya maji hutiririka: lita 417 hivi kwa sekunde zinaelekea mtaroni. Lifunike kwa mabati na zege mpaka asilimia 90 itiririke, zinakuwa lita 1,250. Mtaro ni uleule. Mpango wa nyumba unaoongeza wakazi bila kuacha ardhi wazi unapeleka mafuriko kwa watu wa bondeni, na watu hao hawamo kwenye bajeti ya mradi.

Hatua ya 7: Zitikise namba

Kila modeli imebeba makisio: watu wataongezeka kwa kasi gani, nauli itapandaje, mvua kubwa itakuja mara ngapi. Chukua kila moja, ipandishe kwa robo, kisha ishushe kwa robo, uangalie jibu linavyocheza. Kisio lisilobadili chochote achana nalo. Linalogeuza mpango mzuri kuwa mbaya ndilo la kurudi nalo mtaani ukalipime upya.

Kisha usichague mpango unaoshinda kwenye makisio unayoyapenda. Chagua usioanguka vibaya kwenye makisio yoyote. Mara nyingi utakuwa wa pili au wa tatu kwa uzuri, na itabidi uwe na moyo wa kuutetea.

Wastani nao ugawe. Dakika 5 zilizookolewa kwa wastani zinaweza kuwa dakika 12 kwa wenye magari na kupotea kwa dakika 7 kwa wanaotembea kwa miguu, hasa pale walipoondolewa kivuko. Toa matokeo kwa mtaa, kwa kipato, kwa aina ya usafiri. Bila hivyo modeli inageuka shuka jeupe la kufunikia dhuluma.

Hatua ya 8: Ipeleke kwa wenyewe

Chapisha ramani ya matokeo kwa ukubwa wa meza, upeleke kwenye mkutano wa wakazi pamoja na kalamu za rangi. Usianze na fomula. Uliza: "Hapa modeli inasema kunafurika. Ni kweli?" Mama muuza mboga atakwambia hapana, panapofurika ni pale chini, kwa sababu kalavati limezibwa na taka tangu mwaka juzi. Kalavati hilo halimo kwenye data yoyote ya setilaiti. Liingize, endesha upya, urudi nayo mkutano unaofuata.

Kwa wakubwa, toa safu badala ya namba moja: "kati ya dakika 6 na 14", si "dakika 10.3". Nukta hiyo ya desimali ni uongo uliovaa tai. Ambatisha ukurasa mmoja wa makisio yote kwa Kiswahili cha kawaida, pamoja na tarehe ya toleo la modeli, maana baada ya miezi sita hata wewe hutakumbuka lipi lilitumika.

Mradi ukishajengwa, rudi kwenye makutano yaleyale, siku ileile ya wiki, saa ileile, na hesabu kwa vipande vya dakika 15 kama mwanzo. Weka namba hizo kando ya zile modeli ilizotabiri. Zikiachana sana, fungua faili na uanze tena kwenye hatua ya 5.